Kuingia Bure, Kutoka Tuzungumze

Wizara ya Mapumziko na Furaha ya Umma inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba furaha, ambayo hadi sasa ilikuwa ikipatikana kiholela, imewekewa utaratibu. Kuanzia mwezi huu, kila familia itakayochaguliwa kwa bahati nasibu itapewa mapumziko ya siku nzima katika Bustani ya Furaha, bure, bila malipo, bila gharama yoyote.

Tangazo hilo niliandika mimi. Najua maneno yale ya mwisho yanasema kitu kimoja. Lakini utafiti wetu ulionyesha kwamba mwananchi ukimwambia bure mara moja hushtuka, ukimwambia mara tatu hufunga safari.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Tozo Ndogondogo. Wasionielewa husema kazi yangu ni kukamua watu, na hilo linaniuma, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya utumishi sijawahi kupandisha bei ya kitu chochote. Mimi huiacha bei pale ilipo, nikaitafutia jirani.

Familia ya kwanza kubahatika ilikuwa ya fundi cherehani mmoja mwenye chumba cha kazi nyuma ya soko. Nilimpelekea barua mwenyewe, nikiwa na mpiga picha wa wizara. Chumba chenyewe kilikuwa cha mlango mmoja: meza ya kukatia, sare za shule zimening'inia kwenye kamba, na cherehani ya miguu ambayo pedali yake ilivunjika zamani ikafungwa kwa waya. Fundi alikuwa na futi shingoni na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola, kama walivyo mafundi wote wasiotaka kukumbatiwa.

"Hongera mama, umeshinda," nikamwambia.

"Nimeshinda nini na sijacheza?"

Nikamweleza. Akaisoma barua taratibu, akaigeuza, akatazama upande wa pili.

"Nyuma hakuna kitu, mama."

"Naona. Ila mimi nguo nikiletewa, kwanza naigeuza. Kwa nje kila suruali ni nzima."

"Ni bure kabisa."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata nyuzi. "Bure aghali," akasema, akaendelea kukata. Nilimwomba mpiga picha asirekodi kipande hicho.

Fundi hakutaka kwenda. Nyuma ya kioo cha ukutani alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na fedha za cherehani ya umeme. Muuzaji alikubali kumwekea mpaka Jumatatu. Shule moja ilikuwa tayari kumpa kazi ya sare mia mbili, na kwa ile ya pedali ya waya asingezimaliza hata wanafunzi wakihitimu. Akikosa cherehani, na kazi inakwenda kwa mwingine. Lakini mumewe, dereva wa lori la maji, alikwisha watangazia majirani wote, na binti yao wa miaka minane alikwisha vaa viatu.

"Haya, twende," fundi akasema, akatoa bahasha nyuma ya kioo.

"Bahasha ya nini tena, mke wangu, si bure?"

"Ndiyo maana naibeba."

Jumamosi asubuhi niliwapokea getini. Nilikuwa na kitabu cha viwango, kitabu cha stakabadhi na kalamu mbili, kwa ajili ya kile tunachokiita tathmini shirikishi. Waliingia bila kulipa hata senti, na mume akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda mabishano ya nyumbani.

Tukaanza na treni ya milima. Kupanda treni ni bure. Mtoto lakini lazima apimwe urefu, na kupimwa kuna ada. Fundi akavuta futi yake shingoni.

"Nampima mwenyewe. Nimepima nusu ya mtaa wetu."

Nikamfahamisha kwa upole kwamba kipimo kutoka nje lazima kihakikiwe, na uhakiki una ada yake, kubwa kidogo kuliko ile ya kupimwa. Akalipa ya kupimwa. Mume akapanda na binti, treni ikashuka mteremko wa kwanza, na mume akapiga yowe lililosikika hadi maegesho. Ada ya mayowe ya furaha ni ndogo sana. Aliposhuka akajitetea kwamba hakuwa na furaha yoyote, alikuwa akifa kwa hofu. Basi nikamhamishia kundi la pili, la mayowe ya hofu, ambalo ni ghali zaidi, kwa kuwa huduma ilikuwa imemwingia sawasawa.

Mama mkwe akaomba kukaa. Benchi ni bure. Akakaa, akaegemea, nikaandika.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Kuegemea, mama."

"Na nikikaa wima?"

"Ukikaa wima hulipi kitu."

Akakaa wima dakika thelathini, mkoba magotini, akinikazia macho, na nakiri kwamba dakika hizo zilikuwa ndefu kwangu pia. Jua lilipokuwa kali akahamia kivulini. Kivuli cha mti ni bure, ila miti tuliikata tulipokuwa tunajenga mapaa, na kivuli cha paa ni miundombinu. Hilo nalo likaingia kitabuni.

Ilipofika saa nane mchana bahasha ilikuwa bapa. Fundi akaketi kwenye nyasi, akazihesabu noti zilizobaki, akauliza geti la kutokea liko wapi. Nikamwonyesha. Nikamtajia na ada ya kutoka, kwa kila kichwa.

"Kutoka?"

"Kuingia ni bure, mama. Kutoka ni huduma nyingine kabisa. Ina geti lake na mlinzi wake."

Alizihesabu tena zile noti. Zilitosha watu wawili, na wao walikuwa wanne.

"Hii ilikuwa cherehani," akasema. Hakupandisha sauti. "Miaka miwili ya kupunguza suruali za watu."

Mumewe akatazama pembeni. Hata mimi kitu kilinigusa kifuani, nikakiandika katika taarifa chini ya kichwa cha Mengineyo.

"Mkuu," fundi akaniambia, "niazime hicho kitabu."

Nikampa, maana kusoma bado hatujakiwekea kiwango. Hakuanza mwanzo kama watu wengine. Alikigeuza, akaanzia jalada la nyuma, akarudi ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita kila mstari. Akasimama kwenye kifungu cha arobaini na moja, akakisoma kwa sauti: mtu yeyote atakayetoa huduma ndani ya bustani ataitoza kwa viwango vilivyomo humu, bila kujali cheo cha mteja.

"Hiki nacho kinafanya kazi?"

"Vyote vinafanya kazi," nikasema kwa fahari. Kifungu hicho nilikitunga ili kuwanasa wauza aiskrimu. Yale maneno ya cheo niliyaongeza kwa ajili ya magazeti.

Saa tisa kamili Waziri akawasili kuzindua. Mheshimiwa ni mtu wa mwili uliostawi, na siku hiyo alivaa suti mpya iliyomkaa kwa shida. Alipangiwa kutoa hotuba yenye kichwa "Furaha Haina Bei." Kabla ya hotuba wapiga picha wakamwomba apande farasi wa plastiki kwenye bembea ya kuzunguka. Akainua mguu. Suruali ya Mheshimiwa ikapata mpasuko wa nyuma wenye urefu wa sentimita ishirini na mbili, kwa mujibu wa vipimo vilivyochukuliwa baadaye.

Tulimkinga kwa bango la uzinduzi na kumwingiza kinyumenyume kwenye kibanda cha tiketi. Nje kulikuwa na watu mia tatu, bendi na magazeti sita. Ndani tulikuwa Waziri, msaidizi wake na mimi.

"Nitafutieni fundi," Waziri akasema. "Sasa hivi."

Sikuhitaji kwenda mbali. Fundi alikuwa amekwisha simama mlangoni, sindano moja mkononi.

"Kushona ni bure, Mheshimiwa," akasema. "Leo si kila kitu ni bure?"

"Mungu akubariki, mama yangu."

Waziri akavua suruali nyuma ya kabati. Fundi akaigeuza ndani nje, akautazama mpasuko, akatazama na mishono mingine yote.

"Kwanza nipime. Kupima kuna ada."

"Pima, pima."

"Mheshimiwa umeegemea ukuta. Kuegemea nako kuna ada. Na hapa ulipo uko chini ya paa."

Waziri akajitenga na ukuta. Mkono ukamteleza kwenye kabati, akajichoma na pini iliyoshikilia ratiba, akapiga yowe.

"La furaha hilo au la hofu?" fundi akauliza.

"Furaha gani, mwanamke wewe? Nimechomwa!"

"Kundi la pili, basi. Mkuu, andika."

Na mimi nikaandika. Ningefanyaje? Kitabu kilikuwa changu, viwango vyangu, na hesabu alizipata sawasawa kuliko makarani wangu wenye uzoefu wa miaka kumi. Akashona kwa mkono, mishono midogo iliyobana, bendi ikirudia wimbo uleule kwa mara ya nne. Alipokata uzi kwa meno akaikunja suruali, akaiweka mapajani mwake.

"Kushona tayari, na ni bure kama nilivyosema. Kuirudisha ni huduma nyingine."

Waziri, akiwa na koti, tai na soksi, akanigeukia.

"Nani ametunga upuuzi huu?"

"Mimi, Mheshimiwa. Ulisaini mwenyewe mwezi jana."

"Nilisaini? Nilisoma?"

Msaidizi akatazama dari. Nje watu walianza kupiga makofi ya kuharakisha.

"Mlipe," Waziri akaniambia.

Wakubwa hawabebi pesa, wanabeba watu, na siku hiyo aliyebebwa nilikuwa mimi. Nililipa kupima, kuegemea, paa, yowe na kurudishiwa suruali, zote kwa kiwango cha huduma ya dharura, ambacho ni mara kumi. Nikamwandikia fundi stakabadhi kwa mkono wangu. Waziri akatoka, akahutubia dakika nne, akaelekea geti la kutokea, na pale mlinzi akanyoosha mkono. Nikalipa vilevile, ya Waziri, ya msaidizi na ya bendi.

Fundi akalipia watu wanne, akatoka. Bahasha ilikuwa imenona kuliko ilivyoingia. Mama mkwe alipofika getini akaliegemea kidogo, makusudi, akanitazama. Sikuandika.

Kisha ikafika zamu yangu, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kalamu mbili.

"Bosi," mlinzi akasema kwa adabu, "wiki jana uliniandikia barua ya onyo kwa kumtoa babu mmoja bila risiti. Ninayo hapa, nimeitunza."

Ipo fomu ya msamaha wa kutoka. Huidhinishwa na mimi, kwa mhuri wangu, na mhuri wangu uko kwenye droo ofisini. Mke wangu alikuja na pesa, akasimama nje. Kupitisha fedha uzioni ni magendo, kifungu cha thelathini na tatu. Kuingia ni bure, lakini akiingia itabidi naye atoke. Alifikiri kidogo, akanipungia mkono, akarudi nyumbani. Waziri nimemwandikia barua tatu. Amejibu moja, kwamba suala langu linafanyiwa kazi.

Leo ni siku ya tano na taarifa hii naiandika nikiwa nimekaa wima. Asubuhi fundi alipita kuleta sare za walinzi, zilizoshonwa kwa cherehani mpya. Mishono imenyooka, lazima niseme ukweli. Akaniona, akasogea uzioni, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake na kunipitishia kikombe katikati ya nondo.

"Kunywa, mkuu. Bure."

Nilikuwa na kiu ya tangu juzi. Hata hivyo nikakiinua kikombe juu ya kichwa, nikakitazama upande wa chini, nikakizungusha pole pole.

"Chini hakuna kitu, mkuu," fundi akasema.