Mzee wa Fimbo Hastaafu

Idara ya Vitabu na Maadili ya Kusoma ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, shindano la kumtafuta mchawi anayependwa kuliko wote katika hadithi za kubuni. Wananchi wapige kura. Mshindi atatangazwa ukumbini mbele ya Waziri, na hakuna mchawi atakayeruhusiwa kupinga matokeo.

Mkurugenzi alilipenda tangazo lote isipokuwa neno "mchawi". Aliona kabisa mzazi mmoja akija na dua na mwingine akija na mawe. Kamati ikaketi, ikala, ikanywa, ikapitisha kwamba wazee wale wenye ndevu, majoho na siri wataitwa rasmi Washauri Wenye Fimbo.

Msomaji asidhani Mkurugenzi alikuwa mpenzi wa hadithi. Alikuwa mpenzi wa kiti. Muda wake wa kustaafu ulikuwa umepita, ukaongezwa, ukapita tena, na sasa nyongeza nyingine ilisubiri saini ya Waziri. Wafanyakazi walimwita Gundi, asipokuwepo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: wananchi wakishaonyesha wanavyowapenda wazee wanaoongoza vijana, Waziri atapata wapi uso wa kumwondoa mzee anayemwongoza Naibu?

Naibu mwenyewe alikuwa akiongozwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila asubuhi alimpokea bosi wake kwenye gari.

"Shikamoo, mzee. Nikupokee."

"Marahaba, mwanangu," Mkurugenzi alijibu, akimpa mkoba. "Vumilia. Bado hujaiva."

Tangu aajiriwe, mkoba huo ndio kitu pekee alichowahi kukabidhiwa.

Kura zilimiminika. "Nani anaongoza?" Mkurugenzi alimuuliza Naibu.

"Babu Ukungu, mzee. Wa kile kitabu cha msichana na joka. Anamfundisha msichana, halafu katikati ya kitabu anampa fimbo, anaondoka zake. Msichana anakwenda kupambana na joka peke yake."

"Anaondoka? Kwa ruhusa ya nani?"

"Anaondoka tu, mzee."

"Huo ni utoro kazini!"

Mtunzi wa kitabu aliitwa siku hiyohiyo. Alikuja mtu mwembamba, shati lake limepigwa pasi upande wa mbele tu.

"Mrudishe kazini," Mkurugenzi aliamuru.

"Akirudi, mzee, hadithi inakufa. Msichana atafanya nini?"

"Atambebea mkoba. Kweli wewe na akili zako unamwachia binti wa watu joka?"

"Hadithi za namna hii ndivyo zilivyo. Mzee hufundisha, kisha hupisha."

Mkurugenzi alihisi kiti kikimtetemekea chini. "Hapa hakuna kupisha! Asiporudi, kitabu chako kinatoka mashuleni."

Mtunzi alipiga hesabu. Mauzo ya shuleni ndiyo yaliyokuwa yakimweka mjini. "Basi nitamrudisha, mzee," alisema. "Nitamrudisha sawasawa."

Sura mpya ilipofika, Mkurugenzi hakuisoma. Kusoma kulikuwa kazi ya Naibu.

"Babu yumo?"

"Yumo, mzee. Haondoki hata kidogo."

"Safi. Isomwe ukumbini."

Naibu akaiingiza kwenye ratiba. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujibu alichoulizwa tu.

Siku ya siku ikafika. Mkurugenzi aliingia ukumbini na joho lililoshonwa kwa pazia la chumba cha mikutano, baadhi ya pete za kulitundikia zikiwa bado zinaning'inia. Mkononi alishika fimbo iliyokuwa imebeba pazia hilohilo, sasa imepakwa rangi ya dhahabu. Waziri aliketi mbele, barua ya nyongeza iko mezani, kalamu iko tayari. Mtunzi akasimama, akasoma.

Babu Ukungu alirudi. Akaweka kiti kwenye mlango wa pango, akaketi. Msichana akaomba njia. "Bado hujaiva," akasema Babu.

Ukumbini, wafanyakazi wa Idara walitazamana. Mhasibu aliuma leso.

Joka nalo likaomba kutoka, likale watu. "Kuna utaratibu," akasema Babu. Msichana akaota mvi. Joka likangoja mpaka likafa kwa uzee, na Babu akatangaza kwamba amelishinda. Kisha akaomba aongezewe muda, alinde kaburi la joka.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mkurugenzi, ambaye alikuwa hajawahi kuchekwa usoni, alidhani anapendwa. Alisimama akainama kushukuru, pete za pazia zikalia.

Waziri alifuta machozi. "Mzee, kwenye kitabu cha kwanza huyu babu alifanyaje?"

"Alikabidhi fimbo akaondoka, Mheshimiwa. Tumesharekebisha."

"Na wananchi walimpigia kura yupi? Aliyeondoka au huyu wa kwenye kiti?"

Mkurugenzi alikohoa. "Aliyeondoka, Mheshimiwa. Kwa kishindo."

"Nami ni nani niwapinge wananchi?" Waziri alifunika kalamu, akaikunja barua ya nyongeza bila kuisaini.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipoielewa hadithi. Aligeuka kumtafuta Naibu, amtetee, aseme lolote. Naibu alikuwa ameshafika mbele yake, amenyoosha mikono yote miwili kwa adabu kama ya kila asubuhi.

"Shikamoo, mzee. Nikupokee."

Lililomjia Mkurugenzi mdomoni lilikuwa "bado hujaiva" lilelile la siku zote, na ukumbi mzima ulikuwa ukilisubiri. Akalimeza.

"Marahaba," alisema, akaiachia fimbo.