Nyota ya Utulivu

Umma ulitangaziwa, redioni na kwenye mabango, kwamba wazee wote wanaoishi katika nyumba za kulelea wazee wameridhika. Hakuna aliyesazwa. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Ubora wa Malezi mwenyewe, tena alilisoma taratibu, maana kipimo cha kuridhika huko ni chake mwenyewe.

Kufika hapo haikuwa lelemama. Zamani idara yake ilipima malezi kwa kuwauliza wazee, na ikawa balaa, kwa sababu wazee walijibu. Huyu alisema uji unamfikia umepoa. Yule alisema hajageuzwa kitandani tangu asubuhi. Mwingine alianzia kwenye harusi yake, na afisa aliyetumwa akatoka pale kichwa kinamuuma, hajui aandike nini. Takwimu zikavurugika. Mkurugenzi akajifungia ofisini, akawaza, akatoka na jambo ambalo naibu wake aliliita, mbele za watu, zawadi kwa taifa. Kila kitanda na kila bafu lina kamba ya kengele ya kumwita mhudumu. Mtu huita akiwa na shida. Asipoita, hana shida. Basi zihesabiwe kengele, na nyumba yenye kengele chache ndiyo yenye malezi bora. Kumuuliza mzee swali lolote kukapigwa marufuku, kwa kuwa kunamsumbua.

Nyumba zikaanza kuboreka kwa kasi ya ajabu. Lakini iliyozifunika nyingine zote ni ile iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya matroni mmoja mnene, mcheshi, mwenye funguo zinazocheza kiunoni. Matroni alizikunja kamba zote za kengele vizuri, akazifunga darini kwa utepe mweupe ili zisishike vumbi. Tangu siku hiyo ubao wa taa ofisini kwake, unaowaka kila kamba ikivutwa, haukuwaka hata mara moja. Mkurugenzi aliposimama mbele ya ubao ule, machozi yalimlengalenga. Muda si mrefu akamleta mama yake mzazi akae humo.

Wambea walisema mkewe amechoka kumwogesha mama mkwe. Huo ni uzushi mtupu, maana mkewe hakuwahi kumwogesha.

Mama mwenyewe hakuwa mtu wa lawama. Aliwahi kumweleza mwanawe mara moja tu kwamba alianguka akitafuta viatu, akakaa sakafuni tangu chai mpaka chakula cha mchana. Mkurugenzi alishtuka kweli. Akamuuliza kama alipiga kengele. Mama akasema kamba iko darini, angeifikiaje? Kwa hiyo haikulia? Haikulia. Mkurugenzi akashusha pumzi, moyo ukamtulia.

Basi ikawadia siku ya Nyota ya Utulivu. Waziri alikuwa anakuja kuivika nyumba ile nyota hiyo, ya kwanza nchini. Alikuwa Waziri mpya, amehamishwa majuzi kutoka mambo ya barabara, na Mkurugenzi alikuwa hajapata hata nafasi ya kumpa mkono. Mkurugenzi alifika mapema, suti mpya, akapita korido akinusa dawa ya kudekia, akaingia kumwamkia mama yake. Mama alikuwa ameketi kitandani, fremu yake ya kutembelea mbele ya magoti, kikombe cha bati mkononi.

"Mwanangu, nina ombi moja," alisema. "Hiyo kamba. Nishushie tu, niifikie."

Mkurugenzi aliitazama kamba. Ulikuwa ni utepe tu, na dari yenyewe ya chini. Mtu mwenye urefu wake angeufungua kwa vidole viwili. Akaketi kando ya mama, akamshika mkono, akamweleza kwa upole kwamba leo haiwezekani, kwamba kamba iliyoshuka ni kamba inayoweza kuvutwa, na kwamba baada ya sherehe ataunda kamati ndogo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia tai yake imekaa upande.

Akaenda kuiweka sawa katika bafu la wakazi, mwisho wa korido. Akavua koti asililoweshe, akalitundika nje mlangoni. Akavua na miwani, akainamisha kichwa chake cha mvi kunawa uso. Sakafu ilikuwa na sabuni. Mguu ukaenda huku, mwili ukaenda kule, na kiuno kikagoma kabisa.

Akiwa chali pale chini aliiona kamba. Ilikuwa juu, imekunjwa vizuri, utepe wake mweupe kama wa zawadi. Alikuwa ameziona kamba hizo mara nyingi akiwa amesimama, na siku zote aliona zimependeza.

Aliita. Mhudumu mmoja, binti mwenye haraka zake, akasikia, akachungulia mlangoni.

"Babu, shusha sauti, wageni wanaingia."

"Mimi ni Mkurugenzi wa Ubora."

"Ndiyo, babu. Na yule wa chumba cha nne ni jaji."

Akaufunga mlango kwa adabu na kwenda kuongeza sauti ya redio. Hakuwa na roho mbaya. Mwongozo wa idara ulisema wazi kwamba makelele ya mdomo ni sauti zisizo rasmi na hayahesabiwi. Yule wa chumba cha nne, kwa kweli, alikuwa jaji.

Mkurugenzi akaita tena, na safari hii ikamtoka ile sauti aliyoitumia utotoni akiumwa na siafu. Mama yake akaisikia. Redio ingeweza kuimba mpaka ipasuke, asingekosa kuitambua.

Akagonga ukuta kwa kikombe.

Hilo lilikuwa jambo lao wenyewe, wazee wale, tangu kamba zilipopanda darini. Akianguka mmoja, jirani anagonga ukuta, na wa pili anampokelea, vikombe vinapasiana habari chumba kwa chumba mpaka impate mwenye miguu. Siku zote waligonga kwa staha. Leo mama aligonga kwa nguvu zake zote, na wenzake wakamfuata, nyumba nzima ikawa inalia bati, naye akashika fremu yake akaelekea bafuni.

Ukumbini Waziri alikuwa amefika kwenye neno utulivu. Akakatisha hotuba, akauliza hicho ni nini. Matroni akafungua mlango wa ofisi yake, akaonyesha ubao wa taa, hauna hata nukta ya mwanga. Waziri hakuridhika na ubao, akaifuata sauti korido nzima, msafara nyuma yake, mpaka bafuni. Akakuta mzee bila koti wala miwani, amefunikwa blanketi, kichwa kimelazwa mapajani kwa bibi mmoja, na jaji akimsogezea mto.

"Nani huyu?" aliuliza Waziri.

Matroni alipiga hesabu zake haraka. Mkurugenzi akianguka bila kuhudumiwa ni aibu ya nyumba. "Ni mkazi wetu, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akamtafuta naibu wake kwa macho. Naibu alimwangalia kwa makini, kwa muda, na hakumfahamu.

Waziri, ambaye hakuwa na ubaya, akachuchumaa. "Mzee wangu, umeridhika na malezi ya hapa?"

Mkurugenzi alijua maisha yake yote ya kazi yako kwenye jibu hilo. Akamtazama mama.

"Sema, baba," mama alisema. "Umeulizwa."

"Sijaridhika," alisema Mkurugenzi, na akaanza kulia.

Waziri akamgeukia naibu, amepigwa na butwaa. Naibu akaeleza kwa heshima zote kwamba kisheria mkazi haulizwi. Kengele je, imelia? Haijalia. Basi, Mheshimiwa, ameridhika. Waziri akafurahi kuona fani hii mpya ilivyo nyepesi, akainama, na kwa kuwa ilikuwa mkononi tayari, nyota akambandika palepale kwenye blanketi. Picha zikapigwa.

Daktari akasema mgonjwa asihamishwe mbali. Baadaye ikagundulika kwamba mkazi haruhusiwi kutoka bila saini ya Mkurugenzi wa Ubora, na Mkurugenzi hakuonekana ofisini. Mkewe alipopigiwa simu, alisema amefarijika kusikia mumewe yuko katika nyumba bora kuliko zote nchini.

Wakampa chumba kilichopakana na cha mama yake. Mama alikuja na fremu yake, akamwekea kikombe mkononi.

"Ukikwama, gonga. Nitakuja."

Mwanawe aliona haya, akageuza uso ukutani. Akasema akiwa vivyo hivyo, "Mama, nisamehe ile kamba."

"Lala," alisema mama. "Uliambiwa ile tai imekaa upande."

Jioni redio ilitangaza kwamba idadi ya wazee walioridhika imeongezeka. Tangazo lilisomwa taratibu na Kaimu Mkurugenzi. Mzee mpya alilisikiliza hadi mwisho, kiu imemshika, glasi ya maji iko mbali mezani na kamba iko darini. Akagonga ukuta. Chumba cha pili, fremu ya mama yake ikaanza kukwaruza sakafu, pole pole, ikija.