Kinga Inayokunywa Ndoo Mbili

Siku gari la umeme la Mzee Suleimani lilipopita sokoni Newala bila kutoa hata mguno, watu wote waliliangalia gari. Sadallah peke yake aliangalia uso wa mwenye gari. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala vizuri, na watu wasiolala vizuri ndio waliomlisha Sadallah tangu alipoacha shule.

Hakuwa mwenyeji. Alipanda kutoka Masasi kwa sababu ambazo Masasi bado wanazikumbuka, akapanga chumba nyuma ya ukuta wa mzee huyo huyo, halafu, bila kukusudia, akampenda Faidha, mpika uji wa muhogo pale stendi. Alipomtamkia, Faidha aliendelea kukoroga.

"Maneno matamu ninayo ya kutosha, kaka. Nisichonacho ni maji. Atakayeniletea ndoo mbili kila alfajiri, wiki mbili bila kukosa, Ijumaa ya mwisho nitampa jibu."

Ndoo mbili! Newala, mahali ambapo mtu akikupa maji ya kunawa unamkumbuka kwenye dua! Bombani foleni inaanza kabla ya adhana, na bondeni ni mteremko kwenda na mlima kurudi. Sadallah alijaliwa vipaji vingi, lakini cha kubeba mizigo hakikuwamo. Akaenda kubisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unauza kitu, sinunui."

"Nani anauza? Nimekuja kukupa pole ya inveta."

Mzee akashtuka. Inveta yake ya kwanza, kile chombo kinachogeuza umeme wa sola uweze kuchaji gari, iliungua kwa radi masika yaliyopita. Ya pili aliijengea kibanda chenye kufuli mbili, na kila wingu likitanda alitoka kuijulia hali.

"Kufuli ni ya mwizi. Radi haina habari na kufuli," alisema Sadallah kwa huzuni ya daktari. "Dawa yake ni waya wa kushuka ardhini, na ardhi yenyewe iwe na unyevu."

Hapo alisema kweli tupu, fundi yeyote atakuambia. Sadallah hakuwahi kutoa uongo bila kuutafutia ukweli wa kuusindikiza.

"Bei gani?"

"Bure. Natafuta jina, sitafuti hela. Kazi yako ni kumimina ndoo mbili kila jioni."

Mzee Suleimani, ambaye hajawahi kukataa cha bure, alimwandikisha karatasi papo hapo: *Mimi Sadallah nitaihudumia kinga hii mwaka mzima bila malipo.* Sadallah akasaini kwa mbwembwe.

Kufika jioni, chuma cha kitanda kilikuwa kimesimama chini ya ukuta, waya umefungwa, na pembeni bomba la plastiki lenye mdomo mpana. Kisichoonekana ni kwamba bomba lilipita chini ya ukuta na kuishia kwenye pipa lililofukiwa uani kwa Sadallah. Jioni mzee anamimina, alfajiri Sadallah anachota.

"Kinga yako ina kiu, mzee! Dalili nzuri hiyo!"

Siku kumi na mbili mambo yalinyooka. Faidha alitabasamu mara mbili, na Sadallah akaanza kuangalia bei ya vitanda, maana chake kilikuwa kimebaki bila chuma kimoja.

Alhamisi, mzee akaenda Masasi kwenye mambo ya korosho, kazi ya kumimina akamwachia mkewe, Mama Mujibu. Na hapo ndipo Umasasi ulipomponza Sadallah. Mwanamke wa Newala hamwagi maji safi ardhini, hata umfunge. Maji yake yataosha mchele, yataosha vyombo, yataosha miguu, ndipo yaende kwenye mchicha.

"Eti ndoo mbili safi, kwa chuma?" aliliambia bomba. "Utakunywa tutakachokupa."

Siku hiyo alikuwa amefua kanzu ya mumewe ya Ijumaa na kuisuuza kwa bluu ing'ae. Maji yote ya bluu akayamimina kwenye kinga.

Alfajiri ya jibu, giza halijatoka, Sadallah alichota, akampelekea Faidha, akarudi nyumbani kupiga pasi shati. Alipofika tena stendi alikuta wateja wameacha kunywa. Mbele ya kila mteja kulikuwa na bakuli la uji wa rangi ya anga. Mzee Suleimani, aliyerudi usiku kutoka Masasi, ndani ya kanzu yake, aliangalia bakuli, akaangalia mkono wa kanzu, akarudi kwenye bakuli.

"Faidha, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kaleta Sadallah, Baba Mujibu."

"Ya bondeni, mzee," Sadallah aliwahi. "Kule yana madini."

"Madini gani yananukia sabuni ya mke wangu?"

Akasukumiwa bakuli. Sadallah akanywa lote, akajifuta mdomo, akasema kule Masasi amewahi kunywa uji mbaya zaidi. Stendi nzima ikaangua kicheko, hata mzee kikamponyoka.

Lakini kucheka si kusamehe. Kabla ya adhuhuri bomba lilikuwa limefukuliwa na kuelekezwa kwenye mchicha, fundi wa kweli ameitwa, na Mama Mujibu amesimama na karatasi mkononi.

"Umeandika mwaka mzima, bila malipo. Na kinga inakunywa ndoo mbili, si ndivyo ulivyosema? Haya, kijana. Bonde lile pale."

"Na jibu langu?" Sadallah alimuuliza Faidha kwa sauti ndogo. Ilimuuma kweli, maana katika yote hayo, kumpenda peke yake hakukuwa uongo.

"Mwizi simjibu. Anza upya. Uzipandishe mwenyewe."

Akapandisha. Mbili za Mama Mujibu, mbili za Faidha, huku akiwatukana kwa sauti wote wenye magari. Gari la umeme halisikiki likija, kwa hiyo Mzee Suleimani aliyasikia matusi yote, akampungia mkono, akapita.

Ijumaa ya mwisho ya wiki mbili mpya, Sadallah aliwahi kuliko saa ambayo Faidha alimpangia kuleta maji. Nyuma ya jiko la Faidha alimkuta Nikolao, fundi cherehani, na ndoo mbili. Nyuma ya Nikolao, mwalimu Gregory, na ndoo mbili.

"Na wewe jibu ni leo?" Nikolao akamuuliza.

"Leo. Wewe?"

"Langu lilikuwa Ijumaa iliyopita. Kasema nilikosa siku moja, nianze upya."

"Mimi nimeanza upya mara nne," alisema mwalimu.

Sadallah aliyatazama mapipa ya Faidha, yote yamejaa hadi shingoni. Hakuna bomba, hakuna karatasi, hata uongo hakuna. Maisha yake yote hajawahi kubuni mpango safi namna ile. Awali alimpenda tu, sasa alikwisha kabisa.

Akatua ndoo zake nyuma ya mwalimu Gregory, akasubiri zamu yake.