Filamu ya Mlenda Isioneshwe Tena Chamwino

Kwa Mzee Halfani,
Mwenye Kibanda cha Video, Chamwino.

Shikamoo Mzee wangu,

Nakuandikia kutoka bwenini Chimwaga, kwa heshima zote na kwa hasira iliyofanyiwa utafiti. Wizara zimehamia Dodoma mjini. Mamlaka ya ndoa yamehamia kibandani kwako.

Nazungumzia ile filamu ya kale ya vichekesho unayoionesha kila Jumamosi, ambamo shangazi anawapima wachumba wa binti wa kaka yake kwa ugali na mlenda. Mwenye suti, mlenda unavutika hadi kwenye tai, anafukuzwa. Mchunga ng'ombe anaukata kwa kuzungusha kidole, anapewa mke. Watazamaji wote hucheka. Shangazi yangu Penina hakucheka, Mzee. Alijifunza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu hiyo ilitengenezwa kabla sijazaliwa, lakini ndiyo inayoniamulia maisha. Sikuipigia kura.

2. Shangazi sasa ni bunge, serikali na mahakama. Juzijuzi Romani, seremala mwenye adabu zake, alikuja kumposa dada yangu Anna. Akawekewa ugali na mlenda, akaomba kijiko. Shangazi akamjibu: "Mwanangu, hapa ni nyumbani, si wodini!" Posa ikafia hapo. Jumamosi iliyofuata benchi lako zima la mbele lilimpigia Shangazi makofi.

3. Mchumba wangu Cornel, tunayesoma naye sheria, amelelewa Bukoba kwa ndizi. Je, jiografia ni kosa la jinai? Kijana anayechambua Katiba ibara kwa ibara aangushwe na mboga? Shangazi amekwisha kutangaza: "Asiyeweza mlenda ataweza mke?" Tukinyamaza leo, Mzee, kesho hata wabunge watapimwa kwa bakuli.

Kwa hiyo nadai filamu hiyo ipigwe marufuku kuanzia Chamwino hadi Area D. Ikishindikana, yule shangazi wa filamu akatwe. Hilo nalo likishindikana, mwenye suti apewe wali.

Nisalimie Mama Shakila anayekata tiketi pale mlangoni, na benchi la mbele lote, ukimruka Shangazi.

Mjukuu wako katika mapambano,
Yudith Chilongani

N.B. Shangazi atampima Cornel Jumapili hii baada ya ibada. Tafadhali usiiondoe filamu kabla Jumamosi haijapita. Tuwekee nafasi mbili mbele kabisa, na pale mchunga ng'ombe anapozungusha kidole, rudisha nyuma, uoneshe polepole. Cornel atakuja na shati la kubadilisha. Mlenda nitaleta mimi.