Vibuyu Saba vya Samadi

Jumamosi, 3 Mei 1958

Miguu imekufa. Kutoka hapa Mutuini hadi shule ya kilimo ni mwendo wa saa nzima, na nimeutembea ili nikaaibishwe. Siku ya wazazi. Mjukuu wangu Kiragu ana kipande chake cha mahindi: manjano, membamba, kama watu waliotoka jela. Kando yake kipande cha Wahome, mjukuu wa Hannah wa kanisani kwetu. Kijani! Hannah akaniuliza, watu wote wakisikia, kama siku hizi ukoo wetu unalima nyasi.

Kiragu akanieleza polepole, kama mimi ninavyomweleza mbuzi. Ati Cucu, bibi yangu, ni makusudi. Ati mahindi ya Wahome yametiwa mbolea, yake yamenyimwa, ili darasa lione tofauti. Kila Jumamosi wanapima kwa kamba na kuandika daftarini. Mwisho wa mwezi wa sita Bwana Shamba mkubwa atakuja kusoma madaftari, na kijana mmoja atachukuliwa kufundishwa kazi hiyo. Kofia, baiskeli, nyumba ya mabati.

Nani hunyima hindi chakula makusudi? Mwalimu Nzomo anampendelea Wahome, basi. Na mtoto, kwa aibu, ametunga hadithi. Bwana Shamba gani atampa baiskeli mwenye mahindi yale?

Naandika Kiswahili, nilichookota Spring Valley nikilea watoto wa Wazungu, kwa sababu mkwe wangu husoma Kikuyu tu. Na hana haya, husoma cha mtu.

Jumanne, 6 Mei

Nimeloweka samadi ya mbuzi kwa sufuria kubwa. Mkwe wangu amelia kwamba ndiyo sufuria ya kupikia githeri. Nikamwambia sitaona tofauti. Hajanisemesha tangu mchana. Nimepumzika kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Kibuyu mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, kiuno kinalia. Langoni askari Zedekiah, mtu wa upande wa Kisumu, akauliza nimebeba nini. Nikasema uji wa mjukuu. Akasema mama, nipimie kikombe, tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Jasho likanitoka! Nikamwambia ni uji uliochacha, wa Kikuyu, utamgeuza tumbo. Akaja akanusa. Akasema sasa anajua kwa nini Wakikuyu hawacheki. Nikapita.

Wanafunzi walikuwa zizini wakifundishwa kukamua. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo, na Mwalimu akimfokea mmoja ambaye hakuosha kiwele. Nikamwaga samadi yangu kwenye mahindi ya Kiragu, shina kwa shina. Nilipotaka kuinuka, kiuno kikakataa. Nimerudi nyumbani nimejikunja kama jembe.

Lakini mimi nilifungiwa katika kijiji cha senyenge na mitaro hali ya hatari ilipokuwa kali, na nikaingia na kutoka. Nitashindwa na lango la shule?

Jumamosi, 31 Mei

Juzi nilipeleka kibuyu cha saba. Nimechoka hata kuchoka kwenyewe kumenichosha. Lakini mahindi! Yameyapita ya Wahome kwa kichwa!

Kiragu amekuja nyumbani leo, hakula. Anasema amepima mara tatu, hata amebadilisha kamba. Wahome anadai vigingi vya mipaka vimehamishwa, wamekaribia kupigana. Nikamwambia kula, mwanangu, Mungu huinua wanyonge. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka hadi mbavu zikauma. Kila kitu kinauma siku hizi.

Ijumaa, 27 Juni

Hannah amenifuata mtoni. Amekimbia, mwanamke wa umri ule! Yeye huuzia jiko la shule mboga, habari zote humfikia kwanza.

Bwana Shamba amekuja leo. Akasoma daftari la Kiragu: yaliyonyimwa mbolea yamezidi yaliyotiwa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema kijana huyu ametia mbolea kwa siri ili ajisifu, na mtu wa kudanganya daftari hafai kumshauri mkulima. Kiragu akaapa mbele ya darasa zima. Hakuna aliyemwamini. Jumatatu anafukuzwa.

Hannah akasema pole, meno yote nje.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mtu anaweza kulaza hindi njaa makusudi na bado akaitwa mwalimu. Maji niliyoteka nimeyasahau huko huko mtoni.

Jumatatu, 30 Juni

Nilifika kabla ya kengele. Nikamwambia Mwalimu Nzomo ni mimi. Hakuamini. Nikampa kibuyu, akanusa, akaamini. Nikamwambia pia, kwa kuwa nilikuwa pale, kwamba angeuliza mwanamke yeyote wa Mutuini kuhusu samadi angejibiwa bila kamba wala daftari. Kiragu, aliyesimama kando, akaangalia viatu vyake.

Hajafukuzwa. Lakini nafasi amepewa Wahome. Bwana Shamba atarudi Septemba kuchukua mmoja zaidi, na Kiragu atapewa jaribio jingine. La mwisho, Mwalimu amesema.

Kiragu alinisindikiza akinibebea kibuyu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Njiani akasimama, akatoa Agano Jipya mfukoni, akaniapisha: Cucu, hutagusa tena mahindi ya shule. Nikaapa. Machozi yakanitoka. Vumbi la barabara lile.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya ibada nimepita shuleni kuona jaribio jipya. Vibanda viwili vya vifaranga. Katika kimoja wamenona, katika kingine wamekonda, shingo kama njiti, wananitazama. Kiragu amenieleza mara mbili, amenishika bega. Hawa wanapewa mahindi matupu, wale wanachanganyiwa unga wa samaki, naye atawapima kwa mizani hadi Septemba. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema kabisa.

Na nimeelewa. Niliapa juu ya mahindi. Kifaranga si hindi, na maskini wale hawajaonja mdudu tangu waanguliwe.

Nyuma ya kanisa kuna kichuguu. Mchwa wake wanene, weupe. Magoti yakikubali, kesho nachimba.