Nichomee Bamba

Jumamosi, 7 Machi

Shemeji amenishinda tena. Leo alitualika kwake, mimi na mke wangu na mama mkwe, akakaanga mayai kumi na mawili kwa mpigo juu ya bamba la chuma. Mama mkwe akala matatu, akasema mwanawe ana mkono. Mkono! Bamba ndilo lililokaanga.

Mimi nina jiko uani, kubwa kuliko lake. Linatumia umeme na vidonge vya mbao, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa: unabonyeza kitufe, linajilisha vidonge, linajiwasha, linachoma nyama taratibu kwa moshi. Ila juu lina wavu tu. Yai juu ya wavu linapita kwenda zake. Najua, nimejaribu mbele ya wageni. Tangu siku hiyo mama mkwe huliita mgonjwa, eti haliwezi kitu mpaka limeze vidonge.

Nikaropoka mbele ya wote kwamba Jumapili ya wiki ijayo watakula mayai kwangu. Mke wangu akanivuta pembeni. Akasema jiko lile likimwaibisha mara moja tena mbele ya mama yake, linahamia kwa kaka yake. Hakuwa anatania.

Jumatatu, 9 Machi

Mpango wa kwanza. Kazini, ambako mimi ni mtunza stoo, kuna kabati bovu la chuma. Nimeazima mlango wake. Kuazima tu. Nikaulaza juu ya wavu, nikawasha jiko. Rangi ikaanza kutokota, moshi mzito ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo ya jirani.

Jirani ni muuguzi mstaafu. Alisema alikuwa na mashuka meupe. Hilo neno "alikuwa" alilivuta sana. Nikamwambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Jumatano, 11 Machi

Mpango wa pili, wa kisomi. Nimekodi mkokoteni nikapeleka jiko zima kwa fundi wa kuchomea vyuma, akate bamba nene kwa kipimo chake. Amekata safi. Limekaa juu ya wavu kama limezaliwa hapo.

Sasa, bamba jipya halipikiwi hivi hivi. Nimesoma. Linapakwa mafuta, linachomwa, linapakwa tena, linachomwa tena, mpaka mafuta yagande yawe ngozi nyeusi, yai lisinate. Kazi ya saa tatu. Fundi moto anao, muda anao. Kwa nini nihangaike mimi?

Nikiwa natoa chupa ya mafuta, nikamwona shemeji anakuja barabarani. Siri yangu! Nikamwambia fundi haraka haraka anichomee lile bamba, alichomee vizuri pande zote, lishike, lisibanduke. Nikamwachia chupa, nikatokea mlango wa nyuma. Fundi akasema niondoe shaka.

Ijumaa, 13 Machi

Amelichomea. Pande zote. Bamba na jiko sasa ni kitu kimoja, mshono mzuri umezunguka, hakuna hata pa kupitisha wembe. Akaligonga kwa nyundo kunionyesha kwamba halibanduki. Akanishukuru kwa zawadi ya mafuta, mkewe ameyafurahia sana.

Nikamwambia nilitaka lichomwe kwa mafuta, na kisichobanduka kiwe ile ngozi nyeusi. Akajibu kwamba nilisema anichomee, na yeye kazi yake ni kuchomea, ningetaka kuchoma ningekwenda kwa mchoma mahindi. Na kulitoa? Ana kazi za watu mpaka wiki ijayo.

Chini ya bamba kuna bakuli la moto, ambalo lazima limwagwe majivu kila baada ya kupika. Sasa halifikiki, na majivu ya Jumatatu yamo bado. Nikawaza: yai litajuaje kilicho chini? Nimemwambia mke wangu kwamba majiko ya kisasa ndivyo yalivyo.

Jumapili, 15 Machi

Wote wamekuja. Nikawasha, likawaka. Nikamwaga mafuta mengi yai lisinate, nikapasua mayai kumi na mawili kwa mbwembwe zote.

Hayakunata. Kumbe sakafu ya fundi imeinama, na bamba aliliinua upande mmoja lilale sawa kule kwake; kwangu limeinama. Mayai yakaanza kutambaa. Yakakutana yote kwenye kona moja, yakawa yai moja lenye viini kumi na viwili. Mama mkwe akauliza limetagwa na nani.

Kisha majivu yakauziba moto. Moshi ukarudi nyuma, ukatokea kwenye sanduku la vidonge, kando ya kiti cha mama mkwe. Akahama na kiti chake. Shemeji, bila kuombwa, akachomoa waya. Mama mkwe akasema mgonjwa apelekwe hospitali. Mke wangu alikwenda kufungua geti, kaka yake apite na jiko.

Nimeumia kweli. Jiko lile nilikuwa nalipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa chake mwenyewe.

Jumatano, 18 Machi

Shemeji amepita kazini. Ana mashine ya kukatia chuma: nusu saa tu, bamba likatoka, jiko zima kabisa. Jumapili atatuchomea nyama. Bamba amenirudishia, akanipa pole huku amebana midomo asicheke. Nililia kidogo nyuma ya makasha.

Alhamisi, 19 Machi

Nimetafakari. Tatizo la yule fundi ni kwamba hasikilizi. Lakini bamba ninalo! Kinachokosekana ni miguu tu, nilisimamishe juu ya moto wa kuni, nimwonyeshe mama mkwe.

Bamba ni zito, nimeliacha nyumbani. Kwa fundi nimebeba meza ya chuma ya mke wangu, ile aliyopewa na mama yake tulipooana, iwe kipimo cha urefu. Nikaiweka mbele yake, nikamwambia anikatie miguu minne. Nilikuwa na haraka, maana jirani alikuwa anakuja na mashuka yake mkononi.

Fundi akaitazama ile meza, akauliza kama ni yote minne kweli. Nikamwambia yote, na aikate sawasawa. Akasema niondoe shaka.