Kope la Kushoto na Nafasi ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Katika Juba nzima, kuanzia Kator mpaka Bilpam, hakuna mwanamume mwenye uso kama wangu. Si majivuno, ni taarifa. Wanajeshi wa Bilpam wakiniona napita wananyoosha mgongo. Kasoro ni moja tu: kope la kushoto. Limelegea kidogo. Mtu asiyenijua hudhani nimeamka sasa hivi.

Leo hoteli ya kule Amarat imeninyima kazi ya mapokezi. Viola, binti anayekaa pale mezani, kasema bosi wake anataka kijana aliyechangamka. Nimechangamka! Kope ndilo halijachangamka.

Halafu habari njema. Kliniki moja hapo hapo Amarat inaleta daktari wa macho kutoka Kampala, Jumatano hadi Ijumaa. Atapasua kope bure, lakini za wale tu ambao zimewaziba macho wasione. Wanaotaka urembo wakae kwao. Shangazi Santina, ninayeishi kwake, kasikia kanisani. Yeye kope zote mbili zimemwangukia kama pazia. Akitarizi milaya, yale mashuka ya maua ya maharusi, hubandika plasta kutoka kope hadi paji la uso ndipo aione sindano. Kaniomba niwahi kesho asubuhi nimwandikishe. Yeye hawezi kutoka, ana shuka la bibi harusi mmoja, Poni, na harusi ni wiki ijayo. Hilo likimshinda, kasema, anaacha ufundi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimewahi. Foleni ndefu tayari. Orodha ina nafasi kumi na mbili, kumi na moja zimejaa. Nimesimama na kalamu, nikafikiri kwa uzito kama mbunge. Shangazi ana miaka hamsini na nane, plasta ameshaizoea. Mimi maisha ndiyo yanaanza. Nikipata kazi ya hoteli nitampeleka Kampala kwa ndege, tena kiti cha dirishani. Kwa hiyo nikijiandika mimi ni kama nimemwandika yeye, ila kwa njia ndefu.

Nimeandika: Laku.

Nyumbani nimemwambia nilikuta orodha imejaa. Kasema malesh, si neno, mwanangu, labda wamepata waliozidiwa kuliko mimi. Kanimiminia chai ya maziwa kwa kunipa pole ya kuamka mapema. Chai haikushuka vizuri. Ilikuwa moto mno.

Jumatano, 8 Oktoba

Zamu yangu ni keshokutwa. Lazima nionekane sioni. Nimekwenda kwa Ponsiano, kinyozi Mganda, mpinzani wangu kwa Viola. Simpendi, lakini kioo chake ndicho kikubwa kuliko vyote Kator. Nimejizoeza kulegeza kope mbele yake mpaka akauliza nimekula nini. Nikamweleza mpango, ule wangu tu, wa shangazi sikuutaja. Kacheka mpaka mteja wake akapoteza nusu ya ndevu.

"Wewe iko na sura ya mbuzi imetoka usingizi," akasema. "Daktari atakata kope. Sura atawacha hapo hapo."

Wivu mtupu. Kadai pia dada yake alipasuliwa kope Kampala, macho yakawa rangi ya biringanya wiki mbili, na siku za mwanzo hayakufumba vizuri, wakawa wanamtia matone yasikauke. Nimemjibu kwamba dada yake si mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya maandalizi. Nimelegeza kope tangu asubuhi, nimejigonga mlangoni mara mbili. Maendeleo mazuri.

Shangazi katarizi ua moja mara tatu, mara zote likaenda kombo, akalifumua. Plasta imemchubua ngozi. Kaniita nimtungie uzi kwenye sindano. Nimetunga mara moja bila kukosa, mimi si mtu wa mchezo. Akasema, "Una macho mazuri, Laku."

Nimetoka nje nikawatazama kuku kwa muda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Daktari Norah ni mwanamke mfupi, sauti ndogo, rula ndogo zaidi. Kanikandamiza nyusi kwa kidole gumba: tazama chini, tazama juu. Akapima kope linapanda milimita ngapi. Kauliza kama nina presha, kisukari, kama nameza aspirini, maana damu ikivuja nyuma ya jicho na isigande mtu anaweza kupofuka. Hili Ponsiano hakulisema!

Kisha kaniingiza uso kwenye mtambo kama bakuli jeupe. Nibonyeze kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Nukta zikawaka huku na huku. Mimi kimya, sikubonyeza hata moja. Kaitazama karatasi, akasema hata kipofu hubonyeza kwa bahati mbaya.

Halafu, kama mtu aliyeyasahau yote hayo, akatoa fomu ya idhini. Kasema wengi hawawezi kuisoma, basi atanisomea. Mimi! Niliyefika darasa la saba kule Arua, nisomewe! Nimeisoma yote kwa sauti, tena jicho la kulia nimelifunika kwa kiganja, kwa madoido, mpaka mstari wa chini wenye herufi kama mayai ya chawa.

Kaichukua fomu yake taratibu.

"Kope lako linafanya kazi yake, kijana. Wewe unataka sura. Si dhambi, ila hapa si mahali pake. Na hata ukilipa, utapata jicho lililofunguka kidogo na kovu kwenye mkunjo. Hutageuka mtu mwingine."

Khalas, yamekwisha. Saa nne nilikuwa barabarani.

Kosa ni la kliniki. Fomu gani ile, inasomeka namna ile?

Jumapili, 12 Oktoba

Ponsiano kaninyoa bure, kwa huruma. Nimemwambia daktari aliniona mzuri mno akaogopa kuniharibu. Kaitikia kwa kichwa, akanipaka mafuta. Heri angenicheka.

Baada ya misa shangazi kamrudishia Poni shuka lake, maua manne hayajakamilika. Alilikunja pembe kwa pembe. Poni hakulalamika, aliagana naye akaondoka. Sindano na nyuzi kampa Nyakuon, jirani yetu. Sasa amekaa mlangoni bila plasta, kichwa amekirudisha nyuma ili awaone wapita njia.

Daktari anarudi Februari. Shangazi kaniomba niwahi tena. Nimekubali, na mpango wangu safari hii hauna tundu: nitasema sijawahi kwenda shule hata siku moja. Jina langu nitaliandika la kwanza, lake la pili. Nafasi zitatosha tu.

Naongeza jambo moja, kisha nafunga daftari. Ijumaa sikuandika yote. Nilipofika mlangoni Daktari Norah aliniita. Aliuliza kama namjua mtu ambaye kope zimemziba kweli. Akifika kabla ya saa sita, atampima na kumpasua siku hiyo hiyo. Kator ni nusu saa kwa boda. Shangazi alikuwa nyumbani. Lakini angekuja, angejua kwamba orodha haikuwa imejaa.

Nilisema simjui mtu.